Malkia wa Tanganyika angeweza kumkataa Nyerere?

Swali: Shikamoo Profesa. Mimi ni mwalimu wa Uraia katika shule moja ya sekondari huku Tandika, Dar es Salaam. Nilikuwa nafundisha aina za serikali, nikafika kwenye ufalme wa kikatiba. Nikawaeleza wanafunzi kuwa mfalme wa Uingereza ndiye anayemteua Waziri Mkuu, anaridhia miswada na anavunja Bunge, lakini hana madaraka. Mmoja akasimama: kama sheria inampa madaraka na hakuna palipoandikwa kwamba asiyatumie, kinachomzuia ni nini? Nikajibu, desturi. Akauliza tena, desturi inamfungaje mtu ambaye jeshi ni lake? Kisha akamalizia: hata sisi tulikuwa na malkia mwaka 1961, je, angeweza kumkataa Nyerere? Hapo nilikwama. Naomba unisaidie, na uniambie pia kama si bora desturi hizo ziandikwe zote tukajua moja.

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Mpe pongezi zangu huyo mwanafunzi, maana ameligusa penyewe. Kisheria mfalme anaweza. Hakuna polisi atakayemkamata kwa kukataa kusaini muswada. Kinachomzuia ni watu wengine ambao nao wana madaraka yao, na wanaoweza kumjibu siku hiyohiyo. Desturi ya kikatiba ina nguvu kadiri ya nguvu za yule atakayeumia ikivunjwa. Ndilo jibu langu lote, na yanayofuata ni kulifungua tu.

Anza na huo muswada. Mara ya mwisho mtawala wa Uingereza kukataa kuridhia muswada uliopitishwa na Bunge ilikuwa 1708. Malkia Anne aliukataa muswada wa wanamgambo wa Scotland, na hata huo aliukataa kwa ushauri wa mawaziri wake mwenyewe. Sasa mwambie mwanafunzi wako ajaribu kuivunja desturi hiyo leo, hatua kwa hatua, aone atafika wapi. Mfalme anakataa. Waziri Mkuu anajiuzulu pamoja na Baraza lake zima. Mfalme hana budi kumtafuta mtu mwingine wa kuunda serikali, lakini wabunge walio wengi ni wa yule aliyeondoka, kwa hiyo huyu mpya anaangushwa kwa kura ya kutokuwa na imani kabla hajakikalia kiti. Bajeti haipiti. Na hilo jeshi? Tangu Sheria ya Haki ya 1689, kuweka jeshi wakati wa amani bila ridhaa ya Bunge ni kinyume cha sheria, na mishahara ya askari inatoka kwenye fedha ambazo Bunge ndilo linaloziidhinisha. Mfalme anabakiwa na njia moja tu, kuvunja Bunge na kuitisha uchaguzi, na huo utakuwa uchaguzi ambao wananchi wanapigia kura ufalme wenyewe. Hakuna mfalme anayetaka kufika huko.

Wanafunzi wa Tandika wataelewa haraka ukiwakumbusha upatu ambao mama zao wanacheza. Aliyepokea fungu la kwanza angeweza kuingia mitini na fedha za wenzake, na hana mkataba aliousaini. Hafanyi hivyo kwa sababu anakaa mtaa uleule, anauza sokoni palepale, na kesho atahitaji kuchezeshwa tena. Upatu unakufa pale tu mmoja anapokuwa anahama mji, au anapokuwa mkubwa kiasi kwamba hakuna anayethubutu kumdai.

Wako wafalme waliojaribu kweli. Mwaka 1920 Mfalme Christian X wa Denmark alitofautiana na Waziri Mkuu wake, Carl Theodor Zahle, juu ya mpaka na Ujerumani katika eneo la Schleswig. Kwa maandishi ya katiba yao mfalme aliteua na kufukuza mawaziri apendavyo, naye akamfukuza Zahle, akateua serikali yake mwenyewe. Desturi ya kuheshimu wingi wa wabunge haikuwa imeandikwa popote. Vyama vya wafanyakazi vikatangaza kwamba vitagoma nchi nzima, watu wakajaa mitaani Copenhagen wakidai jamhuri, na serikali ile ya mfalme haikumaliza wiki. Akasalimu amri. Tangu siku hiyo hakuna mfalme wala malkia wa Denmark aliyefukuza serikali yenye imani ya Bunge. Utaona kwamba hakuna aliyekwenda mahakamani. Waliomjibu mfalme ni wafanyakazi na watu wa mitaani.

Ubelgiji walilimaliza kwa upole zaidi. Mwaka 1990 Bunge lao lilipitisha sheria ya kuruhusu utoaji mimba kwa masharti, na Mfalme Baudouin, Mkatoliki wa dhati, akasema dhamiri yake haimruhusu kuisaini. Katiba ilikuwa na kifungu kilichowekwa kwa ajili ya mfalme asiyeweza kutawala, kwa mfano akiwa mgonjwa mahututi au ametekwa. Tarehe 4 Aprili mawaziri wakatangaza kwamba mfalme hawezi kutawala, wakaisaini sheria wao wenyewe kwa pamoja, na kesho yake Bunge likamrudisha kwenye kiti chake. Mimi ninaliheshimu tukio hili kuliko mengi ninayoyafundisha. Mfalme alilinda dhamiri yake bila kuwazuia waliochaguliwa na watu, na mawaziri walilinda haki ya Bunge bila kumdhalilisha mzee wa watu. Kifungu kilivutwa mpaka karibu kukatika, sikatai, lakini kila upande ulijua mwenzake hawezi kuvuka pale.

Mpaka hapa nimemzungumzia mfalme, na vitabu vingi vya shule huishia hapohapo. Mimi naona desturi nyingi zenye uzito katika ufalme wa kikatiba zinawafunga wanasiasa, na wao ndio wanaozivunja mara kwa mara. Chukua Baraza la Malodi la Uingereza, ambalo wajumbe wake zamani walikuwa wa kurithi. Kwa muda mrefu ilikuwa desturi kwamba baraza hilo haligusi bajeti iliyopitishwa na wabunge wa kuchaguliwa. Novemba 1909 likaikataa bajeti ya serikali ya chama cha Liberal, bajeti iliyotoza kodi mpya matajiri na wenye ardhi. Nchi ikaenda kwenye uchaguzi mara mbili ndani ya 1910. Mfalme George V akakubali kwamba ikibidi atateua malodi wapya wengi mpaka waliopinga wazidiwe kwa idadi, na tishio hilo likatosha. Sheria ya Bunge ya 1911 ikawanyang'anya nguvu ya kuzuia muswada wa fedha. Wakaachiwa kuuchelewesha mwezi mmoja tu. Walivunja desturi kuokoa mali zao, wakaishia kupoteza hata kile ambacho desturi ilikuwa imewaachia.

Lakini si kila anayevunja desturi hulipa, na hapa nakuomba unisome taratibu, kwa sababu kisa cha Australia ndicho nisichokiruka kila mwaka ninapofundisha somo hili.

Katiba ya Australia ilianza kutumika 1901 na haimtaji Waziri Mkuu hata mara moja. Inasema Gavana Mkuu, mwakilishi wa mfalme au malkia, anateua mawaziri, na watakaa madarakani kwa kadiri atakavyoona yeye. Msomaji mgeni angedhani nchi inaendeshwa na Gavana Mkuu. Nafasi ya Waziri Mkuu, na kanuni kwamba anatokana na wingi wa wabunge, vyote ni desturi.

Mwaka 1975 Waziri Mkuu alikuwa Gough Whitlam wa chama cha Labor. Alikuwa na wingi katika baraza la wabunge, lakini hakuwa nao katika Seneti, yaani baraza la pili la Bunge. Desturi ya kwanza kuvunjwa ilikuwa ndogo, na wengi hawakuitilia maanani. Seneta akijiuzulu au akifariki katikati ya kipindi, jimbo lake lilikuwa linajaza nafasi kwa mtu wa chama kilekile. Mwezi Februari seneta mmoja wa Labor aliteuliwa kuwa jaji, na Waziri Kiongozi wa jimbo la New South Wales akamweka mtu asiye na chama. Baadaye seneta mwingine wa Labor akafariki, na Waziri Kiongozi wa Queensland, Joh Bjelke-Petersen, akamchomeka mtu aliyesema waziwazi kwamba anampinga Whitlam. Hesabu ya Seneti ikageuka. Oktoba upinzani, chini ya Malcolm Fraser, ukavunja desturi ya pili kwa kuzuia fedha za kuendesha serikali mpaka Whitlam akubali kuitisha uchaguzi. Whitlam akagoma.

Tarehe 11 Novemba Whitlam alikwenda kwa Gavana Mkuu, Sir John Kerr, mchana karibu saa saba. Alikuwa amebeba barua ya kumshauri aitishe uchaguzi wa nusu ya Seneti. Kerr akamkabidhi barua ya kumfukuza kazi. Fraser alikuwa ameshafika, amekalishwa chumba kingine humohumo, na gari lake limesogezwa pembeni lisionekane. Dakika chache baadaye Fraser akaapishwa. Whitlam akarudi kwenye makazi yake akaagiza chakula cha mchana. Katika shughuli za saa hizo hakuwapa taarifa maseneta wa chama chake, nao, bila kujua kwamba serikali yao imeshaondolewa, wakaipigia kura bajeti ileile ikapita mchana ule. Fraser akawa amepata fedha. Baraza la wabunge likapiga kura ya kutokuwa na imani na Fraser, likashinda, Spika akatumwa kwa Gavana Mkuu kumpelekea azimio. Akasubirishwa. Alipoingia, Kerr alikuwa ameshasaini kulivunja Bunge, na jioni hiyo tangazo likasomwa kwenye ngazi za Bunge mbele ya umati wenye hasira.

Mwanafunzi wako atauliza adhabu ya Kerr iko wapi. Uchaguzi ulifanyika Desemba na Fraser akashinda viti 91 kati ya 127. Wapiga kura, ambao ndio mkono wa mwisho wa kujibu, waliangalia hali ya uchumi na kashfa za serikali ya Whitlam wakaamua kwa hayo. Kerr hakushtakiwa. Alizomewa kila alikokwenda, akaachia ngazi 1977. Barua zake na kasri la Malkia, zilizofunguliwa kwa umma mwaka 2020, zinaonyesha kwamba aliamua kutomwarifu Malkia kabla ya kuchukua hatua hiyo, ili Malkia asihusishwe. Mwenye ufalme akawa nje, na mwakilishi wake akatumia madaraka ambayo mwenyewe hajathubutu kuyagusa tangu enzi za babu wa babu zake.

Kwa maoni yangu Kerr alikosea. Alipaswa kumwambia Whitlam wazi kwamba bila fedha, na bila kukubali uchaguzi, atamwondoa, kisha ampe muda wa kuamua. Alimficha kwa hofu kwamba Whitlam angemwahi kwa kuomba Malkia amfukuze yeye. Serikali ambayo wakuu wake wawili wanaviziana namna hiyo imeshapoteza kuaminiana, na desturi zote za aina hii zinaishi kwa kuaminiana.

Kisa cha pili kinatuhusu zaidi, maana ni cha Afrika. Nigeria ilipata uhuru 1960 na ikabaki na Malkia mpaka Oktoba 1963. Mwaka 1962, katika Jimbo la Magharibi, chama cha Action Group kilipasuka kati ya kiongozi wake, Chifu Obafemi Awolowo, na Waziri Kiongozi, Chifu Samuel Akintola. Wabunge zaidi ya nusu wakamwandikia Gavana barua kwamba hawamtaki Akintola. Gavana alikuwa Sir Adesoji Aderemi, Ooni wa Ife, yaani mfalme wa jadi wa huko. Katiba ilimkataza kumwondoa Waziri Kiongozi isipokuwa imeonekana kwake kwamba hana tena uungaji mkono wa wabunge walio wengi. Gavana akaisoma barua, akaona imetosha, akamwondoa Akintola na kumteua Dauda Adegbenro. Akintola akasema nipigieni kura bungeni, barua haihesabiki.

Bunge la Jimbo lilipokutana Ibadan, viti vilirushwa, polisi wakapiga mabomu ya machozi, na Serikali ya Shirikisho ikatangaza hali ya hatari. Mahakama ya Juu ya Shirikisho ikampa haki Akintola: kwa desturi ya mabunge ya aina hii, imani hupimwa kwa kura ndani ya ukumbi. Rufaa ikaenda London, kwenye Baraza la Faragha, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa ya Nigeria. Majaji wa London, waliokulia ndani ya desturi hiyohiyo, Mei 1963 wakasema katiba ya Nigeria imeandikwa na isomwe ilivyoandikwa, na humo hakuna neno kura. Gavana alikuwa sahihi. Bunge la Jimbo likajibu kwa kubadili katiba na kuirudisha nyuma tarehe yake, hukumu ikabaki haina kazi. Miaka mitatu baadaye huko Sarawak, Malaysia, mahakama ilikutana na swali lilelile la barua ya wabunge ikaamua kinyume: kura bungeni kwanza.

Angalia kilichotokea. Walioandika katiba ya Nigeria walidhani wameiandika desturi. Waliandika nusu yake. Ile nusu iliyobaki, yaani wingi unathibitishwaje na mbele ya nani, waliiacha kwa sababu kwao ilikuwa inaeleweka kama salamu. Kwa watu waliokuwa wanagombania jimbo zima haikueleweka.

Utakutana pia na swali la mahakama, nami nitaligusa kwa kifupi. Kwa kawaida mahakama haziamuru desturi itekelezwe. Mwaka 1981 Mahakama ya Juu ya Canada ilitamka jambo ambalo bado linanivutia: kisheria Serikali ya Shirikisho inaweza kuliomba Bunge la Uingereza libadilishe katiba ya Canada bila majimbo kukubali, ila kwa desturi inahitaji ridhaa ya kutosha ya majimbo. Haikutoa amri yoyote juu ya desturi hiyo. Hata hivyo wanasiasa walirudi mezani, na mwezi Novemba mwaka huohuo wakafikia makubaliano na majimbo tisa kati ya kumi. Quebec ilibaki nje, na jeraha hilo halijapona. Mwaka 2019 Uingereza ikapata kesi ya aina nyingine. Waziri Mkuu Boris Johnson alimshauri Malkia Elizabeth asitishe vikao vya Bunge kwa wiki tano wakati nchi ikielekea tarehe ya kujitoa Umoja wa Ulaya. Malkia alikubali, kwa sababu desturi inamtaka afuate ushauri wa Waziri Mkuu. Tarehe 24 Septemba majaji 11 wa Mahakama ya Juu wakasema kwa kauli moja kwamba ushauri ule ulikuwa kinyume cha sheria na vikao havikuwa vimesitishwa hata kidogo. Desturi ilimfunga Malkia barabara, ikaacha swali la nani anamfunga anayemshauri.

Swali hilo ndilo linalotuleta nyumbani.

Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru ikiwa ufalme wa kikatiba. Malkia Elizabeth II alikuwa Malkia wa Tanganyika. Sir Richard Turnbull, aliyekuwa Gavana wa mkoloni, alilala Gavana akaamka Gavana Mkuu, akiishi palepale Magogoni. Kwenye karatasi Serikali ilikuwa ya Malkia, na Gavana Mkuu ndiye aliyemteua Waziri Mkuu. Je, wangeweza kumkataa Nyerere? Katika uchaguzi wa 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Waziri Mkuu mwingine yeyote angeingia Ukumbi wa Karimjee, ambako Bunge lilikuwa linakaa, akakuta hana wa kumuunga mkono. Nje ya ukumbi kulikuwa na chama chenye matawi mpaka vijijini, na vyama vya wafanyakazi vilivyokuwa vimeshaonyesha ubavu wao wakati wa ukoloni. Malkia alikuwa London na Turnbull alikuwa mtu mwenye busara. Jibu la mwanafunzi wako ni kwamba hapana, asingeweza, na sababu yake ni zile zile za Denmark.

Ushahidi upo. Januari 22, 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama, na Rashidi Kawawa akashika nafasi yake. Gavana Mkuu alimteua Kawawa. Uamuzi ulikuwa umeshafanyika ndani ya TANU. Ukitaka kuonyesha darasani jinsi madaraka ya kwenye karatasi yanavyotofautiana na ya kweli, huhitaji kwenda Uingereza, tukio hilo lilitokea hapa mjini.

Kisha ikaja jamhuri, 9 Desemba 1962, na hapa ndipo ninapotaka watu wapaangalie kuliko wanavyopaangalia. Katika ufalme wa kikatiba mhimili wa desturi zote ni mmoja: mkuu wa nchi anatenda kwa ushauri wa mawaziri wanaowajibika kwa Bunge, na ushauri huo hawezi kuukataa. Katiba ya Jamhuri ya 1962 iliandika kinyume chake waziwazi. Rais atatenda kwa hiari yake na halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale sheria inapoagiza vingine. Kanuni hiyo tunayo mpaka leo katika Ibara ya 37 ya Katiba ya 1977. Madaraka ya kuteua, kusamehe wafungwa, kuridhia miswada na kuvunja Bunge, ambayo mikononi mwa Malkia yalikuwa yamefungwa na desturi ya karne nyingi, yalihamia kwa Rais, na ile desturi iliyoyafunga ikafutwa kwa sentensi moja. Najua sababu zake. Nchi ilikuwa changa, watu walihitaji kumjua kiongozi wao ni nani, na Malkia wa mbali asingeweza kuwa alama ya taifa letu. Nakubaliana na jamhuri kabisa. Ninachosikitika ni kwamba tulipoutoa ufalme tulitoa na kizuizi chake, na hatukuweka kizuizi kingine cha uzito uleule mahali pale.

Linganisha kuridhia muswada. Mfalme wa Uingereza kisheria anaweza kukataa muswada wowote, ila kwa zaidi ya miaka 300 hajakataa. Rais wetu, kwa Ibara ya 97, anaweza kuurudisha muswada bungeni pamoja na sababu zake. Bunge likiupitisha tena kwa theluthi mbili, Rais ana siku 21 za kuukubali, au alivunje Bunge. Utaratibu wetu umeandikwa vizuri kabisa, na bado mbunge anayetaka kumpinga Rais anajua kwamba anaweza kupoteza kiti chake.

Zanzibar nayo ilikuwa ufalme wa kikatiba, kwa mwezi mmoja na siku chache, kuanzia 10 Desemba 1963, Sultani akiwa Jamshid bin Abdullah na Waziri Mkuu Mohammed Shamte. Desturi ya wingi wa viti ilifuatwa sawasawa: muungano wa vyama vya ZNP na ZPPP ulikuwa na viti 18 kati ya 31. Lakini katika uchaguzi wa Julai 1963, ASP, chama cha upinzani, ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, ikaambulia viti 13. Kwa waliokuwa nje, desturi ile haikuwa kanuni ya haki. Ilikuwa mlango uliofungwa. Mapinduzi ya 12 Januari 1964 yana sababu nyingi, za ardhi, za utumwa na za rangi, nami siyapunguzi kuwa suala la hesabu za viti. Nasema tu kwamba desturi inahitaji anayeshindwa leo aamini kwamba kesho inaweza kumsaidia yeye.

Na sisi leo tuna desturi zetu. Chama tawala kimekuwa kikimwachia Rais aliyepo agombee awamu ya pili bila mpinzani wa maana ndani ya chama, ingawa Katiba haisemi hivyo. Kuna pia jambo ambalo watu huliongea vijiweni na hakuna kifungu kinacholitaja, la marais Wakristo na Waislamu kupokezana, kuanzia Nyerere, Mwinyi, Mkapa, Kikwete, Magufuli mpaka Samia. Kwa Rais Samia ilitokea kwa kifungu, Makamu kumrithi Rais aliyefariki Machi 2021, kwa hiyo hapo hakuna aliyepanga. Waulize wanafunzi wako swali la msingi kuhusu kila moja: ikivunjwa, nani ataumia, na anaweza kujibu kwa njia gani? Watagundua wenyewe kwamba mikono mingi ya kujibu iko ndani ya vikao vya chama, ambako mwananchi wa kawaida haingii.

Sasa, ziandikwe zote? Hapana, Mwalimu. Wengine wameandika na wakafaulu. Sweden, kwa katiba yao ya 1974, walimwondolea mfalme kazi ya kumteua Waziri Mkuu, wakampa Spika. Uholanzi mwaka 2012 Bunge lenyewe lilichukua kazi ya kusimamia mazungumzo ya kuunda serikali kutoka kwa Malkia. Australia, baada ya kilichotokea 1975, waliingiza kwenye katiba kwa kura ya maoni ya 1977 ile kanuni kwamba nafasi ya seneta inajazwa na mtu wa chama kilekile. Lakini ile desturi kubwa zaidi, ya Seneti kutozuia fedha za serikali, hawajaiandika mpaka leo, kwa sababu kila chama kinahisi huenda siku moja kitaitaka silaha hiyo.

Mimi ningeandika zile ambazo anayeumizwa hana mkono wa kujibu: wingi wa wabunge unathibitishwa vipi na wapi, serikali inayosubiri uchaguzi iruhusiwe kufanya nini na isifanye nini, na nani anashika kiti mkuu wa nchi asipoweza kutenda. Haya mtu akiyachezea, madhara hutokea ndani ya siku moja na hakuna muda wa kwenda kwa wapiga kura. Nyingine ningeziacha bila kuandikwa, zikiwemo zile za mfalme kukutana na Waziri Mkuu kila wiki na kumwonya faraghani, maana ukiziandika unamfanya kila mmoja atafute mwanya kati ya maneno. Nigeria iliandika nusu, ikapata hasara za pande zote mbili.

Kwa kipindi chako kijacho, waandikie ubaoni sentensi mbili tu: kanuni ya mfalme kwamba hawezi kukataa ushauri wa mawaziri, na chini yake Ibara ya 37 inayosema Rais halazimiki kuufuata. Wape dakika kumi wabishane ni yupi kati ya hao wawili mwenye madaraka zaidi. Kisha wape kisa cha Whitlam, na usiwaambie matokeo ya uchaguzi mpaka wawe wameshapiga kura wao.